Mabati ya Amianti: Wajibu wa Mwajiri Kabla ya Kuezua

Kila mara mvua inapokaribia hapa Lubumbashi, mafundi huitwa kuezua paa za nyumba za zamani, na malalamiko yanayotufikia huongezeka. Mabati ya kijivu ya saruji, yale ambayo wengi huyaita eterniti, yakiwa ya miaka ya zamani mara nyingi yana amianti, yaani asbesto. Bati zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Hatari huanza linapovunjwa, kutobolewa au kukatwa kwa mashine, kwa kuwa nyuzi zake hazionekani kwa macho, huelea hewani kwa saa nyingi na kuingia ndani kabisa ya mapafu.

Baadhi ya waajiri huwagawia mafundi maziwa, wakidai kwamba yanasafisha mapafu. Maziwa hayasafishi mapafu. Maziwa huenda tumboni, na mwajiri anayegawa maziwa badala ya barakoa hajamkinga mtu. Wengine hutujibu kwamba wamefanya kazi hiyo miaka 10 bila kuugua. Mezotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 40 baada ya mtu kuvuta vumbi hilo, hivyo jibu lao halithibitishi lolote.

Bati lilowanishwe kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, bolti zifunguliwe kwa spana, kisha lishushwe zima, lisitupwe chini. Vipande vifungwe katika plastiki nene mara mbili na kuandikwa onyo. Visijaze mashimo ya barabarani, ambako kila gari litavisaga upya. Kufagia pakavu ni marufuku. Barakoa iwe ya FFP3, yaani ile inayochuja hata vumbi jembamba sana, ishike uso barabara, jambo lisilowezekana kwa mwenye ndevu. Ovaroli ibaki kazini, kwani mke anayeikung'uta kabla ya kuifua huvuta vumbi lile lile.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inadai kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi, na kamati ya kwenye karatasi tu haitoshi. Kwa mujibu wa Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi yetu imeuridhia, mkaguzi wa kazi anaweza kuingia mahali pa kazi bila taarifa, mchana au usiku. Akikuta kasoro huamuru irekebishwe katika muda maalumu, au mara moja ikiwa hatari ni ya papo hapo, na mwajiri mkaidi anaweza kuandikiwa proseverbali, yaani hati rasmi ya kosa, na kufikishwa mbele ya sheria. Mfanyakazi asiogope kulalamika: mkaguzi haruhusiwi kumwambia mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko.