Je, Wajua kwa Nini Magazini Iliyojaa Risasi Hulia kama Kayamba?

Mmiliki wa bastola akishajaza magazini, yaani kasha linalobeba risasi za bastola, na kuitikisa karibu na sikio, husikia vyuma vikigongana ndani, na wengi hushtuka wakidhani kwamba springi imechoka au kwamba risasi hazikukaa sawa. Kwa kawaida hakuna kilichoharibika. Mbegu za kayamba hulia kwa sababu zimeachiwa nafasi ya kutembea, na risasi nazo zimeachiwa nafasi yao kwa makusudi.

Tuchukue mfano wa CZ 75, bastola iliyobuniwa na ndugu Josef na František Koucký kule Czechoslovakia mwaka 1975, ambayo Wakenya huiita, pamoja na jamaa zake, kwa jina moja tu la Ceska. Magazini yake ya awali ilibeba risasi 15 za 9×19, yaani zenye kipenyo cha milimita 9 na ganda la urefu wa milimita 19, zikiwa zimepishana kulia na kushoto katika safu mbili. Urefu wa juu kabisa unaoruhusiwa wa risasi hiyo ni milimita 29.69, kwa hiyo kasha lazima liwe pana zaidi ya hapo kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Risasi nyingi zinazouzwa, hasa zile zenye tundu kwenye ncha, ni fupi kuliko kipimo hicho kwa milimita moja au zaidi. Springi husukuma risasi kuelekea juu, mpaka ile ya kwanza igande kwenye midomo ya magazini, lakini haizisukumi kuelekea nyuma; kinachozizuia zisitembee mbele na nyuma ni msuguano peke yake, na msuguano wa shaba laini dhidi ya shaba laini ni mdogo. Risasi moja ina uzito wa takriban gramu 12, kwa hiyo zote 15 zina gramu 180 hivi, uzito unaotosha kuupiga ukuta wa mbele kama nyundo ndogo kila mkono unapotikisika.

Liko pia jambo la umbo, ambalo wengi hawaligundui mpaka walisikie likisemwa. Ganda la 9×19 si bomba lililonyooka: kitakoni lina upana wa milimita 9.93 na mdomoni milimita 9.65, tofauti ambayo jicho haliioni lakini rundo la risasi linaijua. Zikipangwa nane moja juu ya nyingine katika safu moja, upande wa mbele wa rundo huwa mfupi kuliko wa nyuma kwa zaidi ya milimita mbili, nazo huanza kupinda kama ndizi. Ndiyo maana bunduki ya Kijerumani ya MP5, iliyokuwa ikitumia magazini zilizonyooka, ilipewa za kupinda mwaka 1977. Magazini ya bastola ni fupi na imenyooka, kwa hiyo ncha za risasi hubaki na uhuru kidogo wa kuchezacheza.

Kabla ya kuchunguza sauti yoyote, chomoa magazini kwenye bastola, vuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu. Kisha itikise magazini ikiwa peke yake na usikilize mwelekeo. Ikilia unapoitikisa mbele na nyuma, ni risasi zinatembea, nayo ni sauti ya kawaida. Gonga mgongo wa magazini mara mbili tatu kwenye kiganja ili zirudi nyuma zote. Ikilia zaidi inapokuwa nusu kuliko inapojaa, hilo nalo ni la kawaida, kwa kuwa springi iliyonyooka husukuma kwa nguvu ndogo kuliko iliyobanwa. Bali ikilia unapoitikisa juu na chini hali imejaa, na risasi ya juu ikazama kirahisi unapoibonyeza kwa kidole gumba, hapo springi ndiyo ya kushukiwa.

Toa risasi zote, uitikise tena. Debe tupu likiendelea kuvuma, basi risasi hazina kosa: aidha kifuniko cha chini kimelegea, au kile kibao kinachobeba risasi kimekaa upande. Kosa linalojirudia sana ni la mtu aliyefungua magazini kuisafisha kisha akairudisha springi kichwa chini au mbele nyuma, kibao kikainama na risasi ya juu ikaelekeza pua chini. Ukiifungua, vaa miwani, maana springi huruka. Ilinganishe na mpya ya aina hiyo hiyo. Ikiwa fupi kwa kiasi kinachoonekana, ibadilishe. Kinachoichosha zaidi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi, si kukaa imejazwa kabatini. Usitie karatasi wala gundi ili kunyamazisha sauti, wala usijaze mafuta ndani, kwani mafuta hushika vumbi na yanaweza kupenya kwenye fataki ya risasi, ile ya kitakoni inayowasha baruti.

Zipange risasi zenyewe mezani, zikisimama kwa vitako. Iliyo fupi kuliko wenzake huenda kichwa chake kimezama ndani ya ganda, na baruti iliyobanwa hivyo huzalisha shinikizo la hatari, kwa hiyo iwekwe kando na isifyatuliwe. Na kama zote ni fupi, soma maandishi ya kitakoni: risasi ya 9×17, inayouzwa kwa jina la .380, huingia kwenye magazini ya 9×19 bila kulalamika, lakini urefu wake hauzidi milimita 25, na hiyo nafasi ya karibu milimita tano iliyobaki mbele ndiyo hutoa kelele kubwa kuliko zote.

Mimi binafsi huitilia shaka zaidi magazini isiyolia kabisa. Kasha lililoanguka sakafuni likabonyea ubavuni hubana risasi kimya kimya. Ukisukuma kibao kwa kijiti kutoka juu hadi chini, utahisi mahali kinapokwama.