Usiende Hamburg kusikiliza tu

Kila ifikapo Septemba naulizwa mambo matatu kuhusu kongamano la wadukuzi la Hamburg: tiketi zinauzwa lini, nibebe kompyuta gani, na mada zipi zisinipite. Mawili ya kwanza nitayajibu. La tatu ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu anayejiandaa kwa kuchagua mada atarudi nyumbani na kile kile ambacho angekipata akiwa kitandani kwake.

Nazungumzia Chaos Communication Congress, kongamano la Chaos Computer Club, klabu ya wadukuzi ya Ujerumani iliyoanzishwa Berlin mwaka 1981. Kongamano la kwanza lilifanyika Hamburg Desemba 1984, mwezi mmoja tu baada ya klabu hiyo kuonyesha jinsi mfumo wa Bildschirmtext wa posta ya Ujerumani (huduma ya kusoma taarifa na kufanya miamala kwenye televisheni kupitia simu) ulivyokuwa na matundu: walihamisha mark 135,000 kutoka benki ya akiba ya Hamburg kwa usiku mmoja, wakatangaza hadharani, wakazirudisha. Tangu hapo limehamia Berlin, likarudi Hamburg, likaenda Leipzig (mwaka 2019 tulikuwa watu kama 17,000 kule), na tangu 2023 liko tena Hamburg, katika jengo la mikutano la CCH lililo jirani na stesheni ya Dammtor. Tarehe hazibadiliki: 27 hadi 30 Desemba, ziangukie siku yoyote ya wiki.

Mwaka wangu wa kwanza nilijipangia ratiba kama mtu anayekwenda kwenye mitihani. Nilikaa ukumbini kuanzia mada ya kwanza hadi baada ya saa sita usiku, nikitoka ukumbi huu kukimbilia ule. Siku ya nne nikiwa kwenye treni ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimezungumza na mtu hata mmoja kwa zaidi ya dakika mbili. Na mada zote nilizozisikiliza zilikuwa tayari zimeanza kuwekwa kwenye tovuti ya klabu, media.ccc.de, bure, kwa kila mwenye intaneti. Iliniuma sana, maana nauli ile niliidunduliza mwaka mzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuandaa ni jibu la swali hili: utafanya kazi gani pale?

Kongamano lote linaendeshwa na watu wa kujitolea wanaoitwa malaika. Hawa si kikundi maalumu; ni mimi na wewe, wenye tiketi kama wengine. Unajiandikisha kwenye mfumo wao, ukifika unakwenda dawati linaloitwa Mbinguni kuthibitisha kwamba umefika, kisha unachagua zamu. Kuna malaika wa mlangoni, wa kukusanya chupa tupu, wa kamera, wa kutunza makoti. Kuna wanaotafsiri mada papo hapo kwenye vibanda vya wakalimani. Zamu za kati ya saa nane usiku na saa mbili asubuhi huhesabiwa maradufu, kwa kuwa ndizo zinazokosa watu. Ukiandika jina lako kwenye zamu halafu usitokee, saa zako hukatwa, na ni haki, kwa sababu kuna mwenzako amesimama mlangoni akikusubiri umpokee akapumzike.

Kama wewe ni mgeni kabisa, nakushauri uanze na zamu ya mlangoni au ya chupa. Hazihitaji ujuzi, na zinakupitisha kila kona ya jengo. Lakini ninayoipenda mimi ni ya kusoma maswali. Unaketi mbele ya ukumbi na kompyuta yako, unafuatilia maswali ya watu wanaotazama mada moja kwa moja kutoka duniani kote, na mzungumzaji akimaliza unasogea kwenye maikrofoni unawasemea. Kazi hiyo ilinifundisha kusikiliza mada kwa namna nyingine. Huwezi kusinzia. Inabidi uelewe kiasi cha kujua kati ya maswali 20 ni yapi matatu yanayostahili dakika zilizobaki. Na kama safari yenyewe haijawezekana kwako mwaka huu, basi wewe ndiye unayeuliza maswali hayo, kwa hiyo usinyamaze.

Sasa tiketi. Awamu ya kwanza ya mauzo hufanywa kwa misimbo inayogawiwa vikundi vinavyoshiriki siku zote. Ukinunua kwa msimbo na malipo yako yakapokelewa, msimbo mwingine huzaliwa, nawe unamkabidhi mwenzako. Ndiyo maana mtu akikupa msimbo ulipe siku hiyo hiyo. Ukiukalia, umemkatia njia yule aliye nyuma yako. Baadaye kuna mauzo ya wazi kwa saa zilizotangazwa, na hapo tiketi huisha ndani ya dakika chache. Kwa sisi tunaohitaji viza ya Schengen, kalenda ndiyo adui. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Tafuta miadi ya ubalozi mapema, hata kabla hujawa na tiketi mkononi.

Kompyuta. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mtandao wa kongamano hujengwa upya kila mwaka na watu wa kujitolea, nao haufanani na wa ofisini kwako. Kompyuta yako hupewa anwani ya wazi ya intaneti, bila ruta ya kukuficha nyuma yake. Nyumbani, ruta hukukinga bila wewe kujua. Huduma uliyoisahau wazi haionekani nje. Pale inaonekana. Kwenye Wi-Fi unaweza kuingia kwa jina lolote na nywila yoyote, jambo linalowashtua wageni. Lengo la kuingia kule si kukutambua wewe. Ni kusimba mawimbi yanayosafiri kati ya kompyuta yako na antena ili jirani asiyasome. Kinachobaki mikononi mwako ni kuhakiki cheti cha mtandao, yaani uthibitisho wa kidijitali kwamba antena ni ya kongamano kweli. Usipokihakiki, mtu yeyote anaweza kuwasha antena yenye jina lile lile na ukajiunga naye.

Wiki moja kabla ya safari, sasisha kila kitu. Fanya usimbaji wa diski nzima. Kwenye Linux, andika ss -tuln utazame milango ya mtandao (port) inayosikiliza. Kila mstari usioweza kuueleza, zima huduma yake au uzibe kwa ukuta wa moto (firewall). Chukua nakala ya data uiache nyumbani. Tena ukiweza, beba kompyuta ya ziada isiyo na faili za kazi.

Nilishawahi kuona kwa nini. Kijana mmoja aliyeketi meza ya pili alikuwa ameacha folda ya picha ikiwa wazi kwa yeyote mtandaoni. Mama mmoja wa makamo alikuja, akainama, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba picha za familia yake zinaonekana, kisha akavuta kiti wakaizima pamoja. Maadili ya klabu ile yanasema data za umma zitumike, data za mtu binafsi zilindwe, na pia kwamba usivuruge data za watu. Siku ile niliyaona yakitendeka mezani. Anayedhani pale ni uwanja huru wa kuvamia mashine za wenzake amepotea. Isitoshe, sheria ya Ujerumani ipo, na tangu 2007 kifungu cha 202c cha sheria ya jinai kinagusa hata utengenezaji wa zana kwa ajili ya uvamizi wa data.

Kamera nayo iache mfukoni. Kabla ya kupiga picha, omba ruhusa kwa kila mtu atakayetambulika ndani yake.

Ukipata simu ya mezani ya DECT, ile isiyo na waya, ibebe. Kongamano lina mtandao wake wa simu, unaoendeshwa na kikundi cha Eventphone, nawe unajichagulia namba fupi ya tarakimu nne mapema. Umati wa watu ukiwa mkubwa kiasi kile, kumpigia mwenzako tarakimu nne ni rahisi kuliko kumtafuta ukumbi kwa ukumbi. Soketi za Ujerumani ni za matundu mawili ya duara. Ukiwa na adapta moja na ekstensheni moja utawasha vifaa vyako vyote, na majirani wawili watakuja kuomba tundu. Ndivyo nilivyojuana na watu watatu ninaofanya nao kazi hadi leo.

Moyo wa kongamano uko kwenye meza za vikundi. Kila kikundi huomba nafasi yake mapema, kikieleza idadi ya meza, viti na umeme. Huna kikundi? Yeyote anaweza kutangaza kipindi chake mwenyewe, au kuomba dakika tano za mada fupi jukwaani. Ukiogopa jukwaa, nenda kwenye meza za kulehemu, yaani kuunganisha vijenzi vya elektroniki kwa pasi ya moto, ambako Mitch Altman, mbunifu wa TV-B-Gone (rimoti ya kuzima televisheni), amefundisha miaka na miaka. Huko nilimsaidia binti wa miaka kama tisa. Nilimwonyesha kugusisha pasi kwenye mguu wa kijenzi na shaba ya bodi kwa pamoja, ahesabu mbili, ndipo asogeze waya wa lehemu kutoka upande wa pili. Lehemu hukimbilia penye joto. Atoe waya kwanza, pasi baadaye. Kiungo chake cha tatu kiling'aa vizuri kuliko vyangu, na taa ilipowaka alisimama juu ya kiti kumwita baba yake.

Jambo la mwisho ni nauli ya kurudi. Wengi hukata tiketi ya jioni ya tarehe 30, na saa hiyo ndipo kazi ya kubomoa inapoanza: kilomita za nyaya za kukunja, meza za kurudisha, ubao wa kila kikundi wa kufungua skrubu. Mikono huwa michache. Kata ya tarehe 31 au ya mwaka mpya, ubebe glavu, na ukifika Mbinguni usiku ule useme hujui kukunja waya. Utapewa mtu wa kukufundisha.