Kichezeo Kimeoshwa, Lakini Je, Kimekauka?

Chukua bata wa plastiki aliyekaa bafuni miezi kadhaa, mpasue katikati kwa kisu, kisha utazame ndani. Nje bado ana rangi ya manjano inayong'aa, lakini ndani mara nyingi utakuta utando mweusi unaoteleza, wenye harufu ya maji yaliyolala. Dhana nyingi potofu kuhusu usafi wa vichezeo vya plastiki huishia hapo, kwenye maji yaliyosahaulika.

Dhana: Kichezeo kinachoingia kwenye maji ya kuoga kila siku hujisafisha chenyewe.

Hali halisi ni kinyume. Tundu linalotoa mlio ndilo hilo hilo linalovuta maji pale mtoto anapokibonyeza kichezeo na kukiachia, na maji hayo huwa yamebeba sabuni, mafuta ya ngozi, jasho na pengine mkojo. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na Marekani walichapisha matokeo ya kuvipasua vichezeo vya bafuni vilivyotumika majumbani: ukuta wa ndani ulikuwa na wastani wa seli za bakteria milioni 9.5 hivi katika kila sentimita moja ya mraba, na takribani vichezeo 6 kati ya 10 vilikuwa na kuvu. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba plastiki laini yenyewe huachia kaboni inayovilisha vijidudu hivyo, kwa hiyo hata maji safi yakibaki ndani hayabaki safi.

Baada ya kuoga, kikamue kichezeo hadi tone la mwisho na ukihifadhi tundu likiwa limeelekea chini. Kuziba tundu kwa gundi kunafaa tu kikiwa kipya na kikavu, tena gundi ikibanduka huwa kipande kinachoweza kumkaba mtoto. Kununua kisicho na tundu kabisa ni bora. Kikianza kutema vipande vyeusi, kitupwe, kwa sababu hakuna dawa utakayokuwa na hakika kwamba imefika kila pembe ya ndani.

Dhana: Kuchemsha ndiko kusafisha kwa uhakika.

Inategemea plastiki. Polipropilini, ambayo mara nyingi huwa na namba 5 ndani ya alama ya pembetatu, huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hustahimili maji yanayochemka. PVC laini, yenye namba 3, hulegea kabla maji hayajachemka. Kichwa cha mwanasesere hutoka sufuriani kikiwa kimepinda shavu, na mwenyewe hatakusamehe. Kwa siku za kawaida maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani vinatosha, kwa kuwa sabuni hubandua mafuta na uchafu pamoja na vijidudu, navyo huondoka wakati wa kusuuza.

Dhana: Jiki ikizidi, usafi nao huzidi.

Klorini iliyo ndani ya jiki humalizwa nguvu na uchafu kabla haijavifikia vijidudu, kwa hiyo osha kwanza, ndipo utumie jiki iliyochanganywa na maji kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha usuuze. Mchanganyiko huo hupungua nguvu, hivyo tengeneza mpya kila siku unapouhitaji, hasa mtoto anapokuwa ameharisha au kutapika. Usichanganye jiki na siki hata kidogo: hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Dhana: Jua linamaliza kila kitu.

Miale ya jua huua vijidudu vingi, lakini kwenye uso inaougusa tu, si ndani ya kichezeo wala upande wa chini. Isitoshe, plastiki inayoanikwa juani siku baada ya siku hupauka na kuvunjika vipande vyenye ncha kali. Kivuli chenye upepo kinafaa zaidi.

Dhana: Kupangusa kwa taulo ni kukausha.

Taulo hukausha kile unachokiona. Maji hujificha kwenye matundu ya skrubu, kwenye ekseli za magurudumu, kwenye viungo vya mikono ya wanasesere na ndani ya matofali ya kujengea, ambayo yanapaswa kuanikwa upande wenye uwazi ukiwa chini, juu ya wavu na si juu ya meza, ili hewa ipite. Kitikise kigari karibu na sikio. Ukisikia mchuruziko, bado. Chenye betri hakichovywi majini: toa betri, kipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, na uache kifuniko cha betri wazi hadi pakauke.

Acha vyote usiku kucha kabla ya kuvirudisha kwenye kisanduku chenye mfuniko, na kesho yake ukiufunua mfuniko ukakuta umande upande wa ndani, vitoe uvitandaze upya.