Uuguzi unaozingatia ushahidi si karatasi ya ukutani

"Uuguzi unaozingatia ushahidi" ni maneno yanayosikika sasa karibu kila mahali wanapohudumiwa wagonjwa mahututi: kwenye mafunzo, kwenye ripoti, hata kwenye makabidhiano ya zamu. Mara nyingi hutamkwa ili kumaliza ubishi. Muuguzi kijana anauliza kwa nini mgonjwa huyu afanyiwe hivi, anajibiwa "ndivyo ushahidi unavyosema", kisha anaoneshwa mwongozo uliobandikwa ukutani. Swali linafia hapo. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, na linaniuma kwa sababu dhana yenyewe ililetwa ili maswali ya namna hiyo yaulizwe.

Maana yake haina ugumu. Ni kuamua la kumfanyia mgonjwa kwa kuunganisha mambo matatu: matokeo ya utafiti bora uliopo, ujuzi wa anayemhudumia, na hali ya mgonjwa mwenyewe pamoja na anachokitaka. Kikikosekana kimoja, kilichobaki kitafutiwe jina lingine.

Dhana hii ilianzia kwa madaktari. Jina lake lilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na kazi ya Gordon Guyatt na wenzake katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na wauguzi wakaichukua muda mfupi baadaye. Kufikia 1996 ilikuwa imeshapotoshwa kiasi kwamba daktari David Sackett na wenzake waliandika makala katika jarida la kitabibu la BMJ kueleza ni nini na si nini. Walisema wazi kwamba hata utafiti mzuri sana unaweza usimfae mgonjwa mmoja aliye mbele yako, na kwamba ni ujuzi wa mhudumu unaoamua kama unamfaa. Zaidi ya robo karne imepita na bado tunalirudia kosa lilelile.

Kosa lenyewe ni kuchukua mwongozo na kuuita ushahidi. Mwongozo ni muhtasari wa ushahidi uliokuwepo siku ulipoandikwa, nao unachakaa. Chukua suala la sukari kwenye damu. Mwaka 2001 utafiti kutoka Leuven, Ubelgiji, ulionesha kwamba wagonjwa wa chumba cha uangalizi maalumu walipona zaidi sukari yao iliposhushwa kwa insulini hadi kati ya 4.4 na 6.1 mmol/L (milimoli kwa lita, kizio cha kupimia sukari kwenye damu). Habari zikaenea, miongozo ikabadilishwa, na wauguzi katika nchi nyingi wakawa wanapima sukari kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana, wakiongeza na kupunguza insulini. Mwaka 2009 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, NICE-SUGAR, wenye wagonjwa zaidi ya 6,000. Waliobanwa sukari kwa namna hiyo walikufa asilimia 27.5 ndani ya siku 90. Walioachiwa kiwango cha hadi 10 mmol/L walikufa asilimia 24.9. Sukari kushuka kupita kiasi nako kulikuwa kwingi zaidi kwa kundi la kwanza. Wagonjwa wa Leuven walikuwa wa upasuaji, wengi wao wa moyo, tena katika hospitali moja iliyokuwa ikiwapa glukosi nyingi kwa mshipa tangu mwanzo. Muuguzi aliyejua hilo alikuwa na sababu ya kuuliza mapema kama mgonjwa wake wa homa kali ya mapafu anafanana nao. Aliyejua namba tu hakuwa nayo.

Dawa ya klorheksidini ya kusafishia kinywa cha aliye kwenye mashine ya kupumulia imepita njia kama hiyo. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa sehemu ya huduma bora. Baadaye uchambuzi wa tafiti ukaleta wasiwasi kwamba huenda inahusiana na vifo zaidi, na mwongozo wa Marekani wa 2022 wa kuzuia homa ya mapafu itokanayo na mashine ukashauri isitumike kwa kazi hiyo. Kupiga mswaki kumebaki.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili, wakiita mazoea yao ushahidi kwa kuwa "tumefanya hivi miaka yote na wagonjwa wanapona". Mfano unaonikera zaidi ni wa mpira wa kulishia puani. Ili kujua kama mpira umefika tumboni, muuguzi anasukuma hewa ndani yake kwa bomba la sindano, anaweka stetoskopu juu ya tumbo, anasikia mvumo, anaridhika. Mvumo huohuo unaweza kusikika mpira ukiwa kwenye mapafu, na watu wamekufa kwa kulishwa huko. Njia salama ni kuvuta majimaji na kupima asidi yake: pH (namba ya asidi, ambayo hushuka asidi ikizidi) ikiwa 5.5 au chini, kuna uwezekano mkubwa kwamba mpira uko tumboni. Lakini mgonjwa mahututi mara nyingi yuko kwenye dawa za kupunguza asidi, kwa hiyo kipimo kinaweza kusoma juu hata mpira ukiwa mahali pake. Hapo inahitajika eksirei, na anayejua kwamba inahitajika ni muuguzi aliyesoma karatasi ya dawa ya mgonjwa huyo kabla ya kushika bomba. Utafiti umempa kipimo. Ujuzi wake umemwambia lini asikiamini.

Jambo la tatu, matakwa ya mgonjwa, ndilo linalosahaulika kabisa, labda kwa sababu wengi wa wagonjwa hawa wamelazwa usingizi na hawasemi. Lakini wana ndugu, na mwili nao huzungumza. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo ni desturi nzuri, na miongozo ya sasa yenyewe inataka muda huo upangwe kulingana na mtu. Aliye katika saa zake za mwisho, anayekunja uso na kukaza mikono kila anapoguswa, ambaye familia imeomba aachwe atulie, akigeuzwa kwa sababu saa imefika, hajahudumiwa kwa ushahidi. Amehudumiwa kwa saa.

Kwa hiyo mwenzako mdogo kazini akiuliza kwa nini, usimnyamazishe. Mwambie mwongozo unasemaje, ulitoka mwaka gani na ulitegemea wagonjwa wa aina gani, kisha nendeni pamoja kitandani mkaone huyu wenu anafanana nao kwa kiasi gani. Kama hamjui ulikotoka, semeni tu kwamba mnafuata utaratibu wa wodi. Hilo ni jibu la kweli na lina nafasi yake. Ushahidi wake mtautafuta zamu ikitulia.