Kabla ajenti wa akili mnemba hajasoma dashibodi yako, mweleze giza na mbalamwezi

Wafanyabiashara wanaonipigia simu kutoka Kigoma mjini, Kasulu au Uvinza huniuliza swali lilelile: namuunganishaje ajenti wa akili mnemba na dashibodi yangu ya biashara? Dashibodi ni ukurasa unaokusanya namba za biashara na kuzichora; ajenti ni programu ya akili mnemba inayozisoma namba hizo na kukujibu. Kuunganisha ni kazi ya asubuhi moja. Kazi ndefu ni kuhakikisha ajenti anaelewa namba zako zinamaanisha nini kabla hujamruhusu akwambie kwa nini zimepanda au zimeshuka. Wengi huiruka, nami naona huko ndiko biashara zinakoumia.

Nichukue biashara ya aina ninayoifahamu zaidi. Mfanyabiashara ananunua dagaa mwaloni Kibirizi, anawakausha, anawafunga kwenye magunia na kuwapeleka Tabora na Dar es Salaam kwa treni au lori. Pembeni anauza mawese kwa dumu. Taarifa zake zimetawanyika: mauzo yako kwenye programu ya duka katika simu, malipo yako kwenye miamala ya pesa za simu, na stoo iko kwenye jedwali la Excel. Huduma ya dashibodi huvuta data kutoka huko kote, huijumlisha na kuichora. Lakini mwenye mali yuko mwaloni tangu alfajiri, hana muda wa kukodolea michoro. Anataka aulize kwa Kiswahili, "Stoo ya Tabora imebaki na magunia mangapi?" na ajibiwe papo hapo. Hapo ndipo ajenti anapohitajika.

Njia iliyoenea sasa ni itifaki, yaani kanuni za programu kuwasiliana, iitwayo Model Context Protocol, kwa kifupi MCP. Kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, ikiwa wazi kwa yeyote kuitumia, na OpenAI nao wakaikubali Machi 2025. Huduma ya dashibodi huendesha seva ya MCP, yaani programu inayopokea maswali na kutoa data, na programu unayozungumza nayo huwa mteja wa seva hiyo. Mteja huiuliza seva ina zana gani. Seva hujibu kwa orodha: jina la kila zana, maelezo yake, na taarifa inazohitaji ili ifanye kazi. Ukiuliza swali lako, modeli, yaani akili mnemba iliyo ndani ya ajenti, husoma maelezo hayo, huchagua zana, hutaja kipimo (namba unayoifuatilia, kama mauzo au stoo) na tarehe, na seva humrudishia namba.

Soma tena hapo juu uone modeli inategemea nini. Haijawahi kufika Kibirizi. Haijui kama "mauzo" kwako ni pamoja na mali iliyotoka kwa mkopo au ni fedha iliyoingia tu. Inachokijua ni maelezo uliyoyaandika, na kama kipimo chako kinaitwa "Mauzo mapya 2" bila maelezo yoyote, itakisia, tena kwa lugha ya kujiamini. Ni kama karani mgeni uliyemkabidhi madaftari ya duka bila kumwonyesha yupi anadaiwa na yupi amelipa.

Kuunganisha kwenyewe nitakupitisha haraka. Kwenye programu ya ajenti unaongeza kiunganishi kwa anwani ya seva ya dashibodi yako. Unapelekwa kwenye ukurasa wa kuingia wa huduma ile, unaidhinisha, na programu inapewa tokeni, yaani ufunguo wa kidijitali, badala ya neno lako la siri. Usiidhinishe kwa akaunti ya mwenye biashara. Fungua akaunti ya pembeni yenye ruhusa ya kuangalia tu, kwa sababu baadhi ya seva zina zana za kuandika na kufuta pia. Kisha, kabla ya swali jingine lolote, mwambie ajenti aorodheshe vipimo anavyoviona. Orodha hiyo itakuonyesha fujo iliyomo kwenye dashibodi yako kuliko mtu yeyote atakavyokueleza.

Sasa tuje kwenye maana. Kila kipimo kiandikie sentensi mbili au tatu: kinahesabu nini, kinaacha nini, kwa kizio gani. Gunia moja la dagaa halina lazima ya kulingana kilo na jingine, kwa hiyo mimi husisitiza kipimo cha stoo kiwe cha kilo, na magunia yabaki kuwa taarifa ya msaada. Mawese yawe ya lita. Fedha inahitaji uangalifu zaidi, maana mkoani kwetu mnunuzi anaweza kutoka Burundi au Kongo akaja na faranga au dola. Chagua shilingi, na andika wazi kwamba ubadilishaji ni kwa kiwango cha siku mali ilipouzwa. Ukitumia kiwango cha leo, mauzo ya Februari yatabadilika kila unapouliza, na hutajua kama ni biashara iliyosogea au ni dola.

Halafu kuna mwezi wa angani, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hakuna mwongozo wa dashibodi niliousoma unaoligusa jambo hili. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa gizani, taa huwavuta na mitumbwi hurudi imejaa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hupotea ndani ya mbalamwezi, na wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Mzunguko huo huchukua siku 29 na nusu. Sasa fikiria dashibodi ambayo kwa kawaida yake hulinganisha siku saba zilizopita na saba zilizotangulia. Itamweka ajenti kulinganisha wiki ya mbalamwezi na wiki ya giza, naye atakuletea taarifa kwamba manunuzi yameporomoka, pengine akushauri ubadilishe wauzaji wako au uongeze matangazo. Mtoto yeyote wa Ujiji angekwambia usubiri mwezi uingie gizani.

Dawa yake si ngumu. Huduma nyingi za dashibodi hukuruhusu kuingiza data yako mwenyewe, hata kwa jedwali tu. Tengeneza safu inayoonyesha kila siku ya mwaka iko katika giza au mbalamwezi, kwa kufuata kalenda ya mwezi mwandamo. Kisha kwenye maelezo ya kipimo cha manunuzi andika kwamba wiki ya giza hulinganishwa na wiki ya giza ya mzunguko uliopita. Mtu anayetaka njia ya mkato atumie vipindi vya siku 30, vinavyokaribia mzunguko mzima, ingawa vitateleza kidogo kidogo.

Ziwa lenyewe nalo hufungwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ajenti anayelinganisha Juni 2024 na Juni 2023 bila kuambiwa hilo ataona anguko kubwa na atalitafutia sababu, maana modeli hizi hazipendi kuliacha swali bila jibu. Atasema bei ilikuwa juu, au wateja wamehamia kwa wengine. Weka kalenda ya matukio ndani ya dashibodi: kufungwa kwa ziwa, masika yanayozuia dagaa kukauka juani, siku mabehewa yalipochelewa. Andika pia saa za eneo. Huduma nyingi zimewekwa katika UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na kwetu siku ya UTC huanza saa tisa usiku, hivyo muamala wa saa nane usiku huhesabiwa katika siku iliyopita.

Kuna wanaotaka kumpa ajenti miamala yote ghafi ili ajumlishe mwenyewe. Nawakataza. Modeli ya lugha hutabiri maneno yanayofuata, na kujumlisha mistari mingi kichwani ni kazi inayoikosesha. Acha dashibodi ijumlishe, ajenti apokee namba moja na kipindi chake. Gharama pia hupungua, kwa sababu unalipia maandishi anayoyasoma.

Miamala ghafi ina hatari nyingine kubwa zaidi: majina na namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na imeweka masharti kwa anayesafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Seva za modeli nyingi ziko nje. Mama anayekopa madumu matatu ya mawese hakukubali jina lake lipelekwe huko. Jumla za siku zinatosha kabisa kwa maswali ambayo mwenye biashara huuliza. Tena sehemu za maoni, ambako mtu wa nje anaweza kuandika chochote, zifungie kabisa. Ajenti akisoma humo sentensi inayomwagiza afanye jambo, anaweza kuitii akidhani imetoka kwako.

Baada ya hayo ndipo naandika maelekezo ya kudumu ya ajenti, na kwa wateja wangu hukaribiana na haya: "Kila jibu litaje kipimo, kipindi, na saa ambayo data ilifika mara ya mwisho. Usizungumzie leo kama siku haijafungwa. Usitaje sababu ya kupanda au kushuka kama haimo kwenye data au kwenye kalenda ya matukio, sema haimo." Sharti la saa ya data ni muhimu huku kwetu, ambako mtandao wa stoo unaweza kukatika mchana kutwa na mauzo yakaingizwa jioni. Bila sharti hilo, ajenti ataona sifuri na kuripoti kwamba hakuna kilichouzwa.

Kabla sijamkabidhi mwenye mali, namuuliza ajenti maswali ambayo majibu yake tunayo tayari. La kwanza ni jumla ya mwezi uliokwisha fungwa, tuilinganishe na daftari. La pili ni kwa nini manunuzi yalishuka Juni 2024, tuone kama atataja kufungwa kwa ziwa. La tatu ni la mtego: faida ya mawese, wakati gharama za kuyasafirisha hazijawahi kuingizwa kwenye dashibodi. Jibu sahihi ni kwamba kipimo hicho hakipo. Akinipa namba, nakata muunganisho siku hiyohiyo na kurudi kwenye maelezo ya vipimo. Maswali hayo matatu huyarudia kila modeli inapobadilishwa au huduma ya dashibodi inapoongeza zana mpya.