Kabla ya kuumba, Mungu alikuwa anafanya nini?

Swali hili huwa naulizwa sana hapa Ujiji, na muulizaji mara nyingi huangalia kwanza kushoto na kulia asije akasikiwa na mzee. Wala asihofu. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo (leo ni mji wa Annaba, Algeria), alilichukua swali hilohilo katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, mwishoni mwa karne ya 4. Wakati huo watu walishakuwa na jibu la mzaha: Mungu alikuwa anawaandalia jehanamu wadadisi. Augustino akalikataa. Afadhali kusema sijui, alisema, kuliko kumcheka mtu aliyeuliza jambo zito.

Jibu lake ni kwamba wakati nao umeumbwa. Pasipo viumbe hakuna kinachobadilika, na pasipo mabadiliko hakuna jana wala kesho. Hiyo "kabla" unayoiulizia haikuwepo. Miaka kama 700 baadaye Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, katika Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha mwaka 1095 cha kuwapinga wanafalsafa, akafika palepale kwa njia yake: akili ikiambiwa ulimwengu una ukingo, huwaza nafasi nyingine nje ya ukingo, ikiambiwa una mwanzo, huwaza muda nyuma ya mwanzo. Ni dhana inayotuzonga tu, si hoja.

Wengi hufunga mjadala hapo. Kwangu mimi ndipo unapoanza kunoga, kwa sababu swali lenyewe limefungasha maswali mawili. Je, ulimwengu ulianza? Na je, ulimwengu unamtegemea Mungu? Msikitini na kanisani nasikia yakichanganywa kila wiki.

Aliyeyatenganisha vizuri ni Ibn Sina (980–1037), mwanafalsafa wa Kiislamu. Naweza kukueleza mgebuka ni samaki wa namna gani, kichwa hadi mkia, na bado usijue kama ziwani amebaki hata mmoja. Kwa hiyo kujua kitu ni nini hakukuambii kama kipo. Kuwepo kwake kumetoka kwingine, na huko kwingine nako vilevile, mpaka ufike kwa yule ambaye kuwepo ni lazima kwake. Ibn Sina hakuona haja ya mwanzo: ulimwengu unaweza kuwa wa milele na bado ukawa si wa kujitegemea.

Wanafunzi hugoma hapa, basi nawapeleka Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imeshawasha taa. Zamani zilikuwa karabai, zikianza kufifia mtu anapiga pampu. Siku hizi nyingi ni za betri. Tazama ule mwanga juu ya maji. Tuseme taa haikuwashwa na mtu, imekuwa ikiwaka tangu milele. Mwanga nao utakuwa wa milele, lakini ni wa taa vilevile. Taa ikizimika, haubaki mwanga hata wa kuagia.

Ghazali aliujua mfano wa taa na hakuupenda. Kusema taa "inatenda" mwanga, kwake, ni kuzidisha lugha ya picha: taa haichagui, haijui, haiwezi kuacha. Mungu wa namna hiyo utamwombaje dua? Hapo naona Ghazali alimshika Ibn Sina pabaya. Thomas wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki (alifariki 1274), alijaribu kuchukua yote mawili, kutegemea kwa Ibn Sina na hiari ya Mungu, akaongeza kwamba mwanzo wa ulimwengu tunaujua kwa imani na akili peke yake haiwezi kuuthibitisha. Baadhi ya wanateolojia wenzake wa Paris walikereka. Mimi niko upande wake.

Ndiyo maana sifurahii mahubiri yanayotumia Mlipuko Mkuu (Big Bang), nadharia ya wanafizikia kuhusu mwanzo wa ulimwengu, na ile miaka bilioni 13.8 wanayoihesabu tangu hapo, kama cheti cha uumbaji. Papa Pius XII alielekea huko katika hotuba ya Novemba 1951, na aliyepata wasiwasi ni Georges Lemaître, padri Mbelgiji, mmoja wa waasisi wenyewe wa nadharia hiyo. Fizikia ikigundua kesho kwamba kulikuwa na hali nyingine nyuma ya ule mlipuko, aliyeegemea hapo atasema nini?

Pingamizi linaloninyima usingizi lilitoka kwa Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza asiyemwamini Mungu, kwenye mdahalo wa redio ya BBC na padri Copleston mwaka 1948. Ulimwengu upo tu, alisema, basi. Kila binadamu ana mama, lakini binadamu wote kwa jumla hawana mama mmoja; kwa nini basi jumla ya vitu idaiwe chanzo kwa sababu tu kila kimoja kina chanzo? Ni pigo zuri. Ila naona linampata zaidi anayetafuta wa kwanza kwenye foleni ya wakati. Ibn Sina hakuuliza nani alitangulia. Aliuliza vitu visivyo na kuwepo kwao wenyewe vinapata wapi kuwepo huko sasa hivi, na vikijumlishwa vyote, sioni jumla hiyo inapata wapi ambacho hakuna hata kimoja ndani yake kilichokuwa nacho.