Printa ya nyumbani kwa picha za mandhari: anza na karatasi

Wapiga picha za mandhari wanaotaka kuanza kuchapa nyumbani huniuliza kwanza jina la printa. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: utachapa kwenye karatasi gani, kwa ukubwa gani, na mara ngapi kwa mwezi? Ukishajibu hayo, printa zinazokufaa hubaki mbili au tatu tu.

Ukubwa usikuumize kichwa sana. Mandhari hubanwa kwenye A4. Ukungu wa bondeni na miti ya mbali huhitaji nafasi ili jicho litembee. Kwa watu wengi A3+, yaani milimita 329 kwa 483, inatosha kabisa. Na kamera uliyo nayo huenda inatosha pia: picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 upande mrefu, na ukiigawa kwa inchi 19 za karatasi hiyo unapata zaidi ya pikseli 300 kwa kila inchi. Ukitaka A2, ambayo ni kubwa zaidi, jiandae kwa mashine nzito. Canon PRO-1000 ina takriban kilo 32, kwa hiyo kagua meza yako kabla ya kuiagiza. Kama unapenda picha ndefu za panorama, uliza mapema kama printa inapokea karatasi ya roli. Epson P700 inapokea. Canon PRO-300 haina sehemu ya roli.

Karatasi ndiyo inayoamua aina ya wino, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa na hunywewa na karatasi, na kuna wino wa pigimenti, ambao rangi yake ni chembe ndogo mno zinazokaa juu ya karatasi. Ule ulioyeyuka, kama wa Canon PRO-200, hung'ara vizuri sana kwenye karatasi ya kung'aa: anga ya buluu na maji ya ziwa hutoka na nguvu. Lakini ukipenda karatasi nzito ya pamba isiyong'aa, chagua pigimenti bila kusita. Weusi wake kwenye karatasi hiyo una kina zaidi, na picha hustahimili mwanga na hewa kwa miaka mingi zaidi. Picha ya kutundika ukutani inastahili hilo.

Halafu tazama rangi za kijivu. Wengi huhesabu idadi ya wino na kuishia hapo, ilhali swali ni ngapi kati ya hizo ni za kijivu. Mawingu, ukungu, theluji na miamba ni kijivu kinachobadilika polepole. Printa isiyo na wino wa kijivu hulazimika kukitengeneza kwa kuchanganya rangi nyingine, na mara nyingi mawingu hutoka na uwaridi au ukijani usiokuwepo. P700 na PRO-300 zina wino wa kijivu, na hata Epson ET-8550, inayojazwa wino kwa chupa, inao mmoja. Hiyo ya chupa naipendekeza kwa anayechapa sana kwenye karatasi ya kung'aa, kwa sababu gharama ya wino kwa kila picha hushuka mno. Zile namba kubwa za nukta kwa inchi zilizoandikwa kwenye boksi hazinishughulishi kabisa.

Sasa, mara ngapi? Wino hukauka kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia, hasa hewa ikiwa kavu, na printa iliyokaa bure hujisafisha kwa kumwaga wino uleule ulioununua kwa pesa zako. Chapa angalau picha moja ndogo yenye rangi zote kila wiki. Kama unajijua kwamba utachapa mara mbili tu kwa mwaka, usinunue; peleka faili kwa wachapaji wa picha, utapata kazi nzuri kwa pesa kidogo zaidi. Linganisha pia ujazo wa katriji: za PRO-300 ni mililita 14.4 kila moja, za P700 ni 25, za Epson P900, dada yake mkubwa, ni 50. Printa ya bei nafuu yenye katriji ndogo hukudai baadaye.

Lawama nyingi ninazozisikia, kwamba "printa inatoa picha nyeusi", chanzo chake ni skrini. Skrini inayowaka mno hukufanya uitie picha giza bila kujua. Shusha mwangaza hadi kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, uisawazishe kwa kifaa cha kupima rangi, kisha tumia profaili, yaani faili linaloelekeza jinsi rangi zitakavyotoka, iliyotengenezwa kwa printa yako na karatasi hiyohiyo.

Kabla ya kulipa, omba muuzaji akuchapie faili lako mwenyewe. Chagua picha yenye mawingu mepesi, msitu wenye kivuli kizito na majani mabichi yaliyopigwa na jua. Isome karibu na dirisha mchana: kijivu kisiwe na rangi ngeni, kivulini uone bado magome ya miti, na kijani cha majani kisigeuke doa moja lisilo na mishipa. Kivuli kikiwa kimeziba, omba jaribio jingine kwenye karatasi tofauti kabla hujaikataa printa yenyewe.